Lori la Dizeli Lisilo na Turbo katika Njia ya Kipsing

Injini ya dizeli isiyo na turbo huvuta hewa kwa pumzi yake yenyewe. Pistoni inaposhuka huacha nafasi ndani ya silinda, na hewa ya nje huingia kuijaza kwa uzito wake tu, bila kusukumwa na chombo chochote. Kiasi cha hewa kilichoingia ndicho kinachoamua dizeli kiasi gani itaungua, na dizeli iliyoungua ndiyo nguvu ya lori. Katika njia inayotoka Kipsing hadi mji wa Isiolo, kisha ikapanda mabega ya Mlima Kenya kuelekea Timau na Nanyuki, kanuni hii imeonekana kwa macho kwa zaidi ya nusu karne: lori limejaa ng'ombe, moshi mweusi umetanda nyuma yake, na mwendo wake haumshindi mtu anayetembea kwa miguu.

Kipsing iko magharibi ya mji wa Isiolo, katika wadi ya Oldonyiro, kaunti ya Isiolo. Wakazi wake wengi ni wafugaji wa Kisamburu na Kiturkana. Ardhi ni kavu, yenye mchanga, changarawe na miiba, nayo njia hukatizwa na lagga, yaani mikondo ya mito ya msimu. Mvua ikinyesha kwenye miinuko, lagga hujaa maji kwa saa chache. Yakishapita hubaki kitanda cha mchanga laini ambamo magurudumu huzama hadi kwenye ekseli. Mwanya wa vilima ulio kati ya Kipsing na Isiolo, uitwao Kipsing Gap, ndio uliochaguliwa kuwa mahali pa mji wa kitalii wa Isiolo katika mpango wa LAPSSET wa bandari na njia za uchukuzi, uliozinduliwa rasmi Lamu mwezi Machi 2012.

Njia hiyo huidai injini mambo mawili yasiyofanana. Mchanga wa lagga hudai mvuto mkubwa injini ikizunguka polepole, ili magurudumu yasonge bila kuteleza. Mlima wa Timau hudai nguvu inayodumu kwa muda mrefu, kilomita baada ya kilomita, huku joto la injini likipanda na hewa ikizidi kuwa nyepesi. Karibu kila jambo ambalo wenye malori na mafundi wamelifanya ili kuongeza nguvu lilielekezwa kwenye mojawapo ya madai hayo mawili.

Kutoka ngamia hadi petroli

Kabla ya malori, mizigo ya kaskazini ilibebwa na ngamia na punda. Ngamia mmoja hubeba kilo 150 hivi katika safari ndefu, na hahitaji barabara wala mafuta. Maofisa wa serikali ya kikoloni na askari wa King's African Rifles walisafiri kwa misafara ya ngamia katika eneo lililoitwa Northern Frontier District, au NFD kwa kifupi. Mwaka 1926 eneo hilo lilitangazwa kuwa limefungwa, na wageni hawakuruhusiwa kuingia bila kibali. Sheria ya Special Districts ya mwaka 1934 ikaongeza vizuizi. Mifugo nayo ilizuiwa kwa karantini, kwa hofu kwamba magonjwa yangeshuka hadi kwenye mashamba ya walowezi wa nyanda za juu. Mahali ambapo biashara ilibanwa kiasi hicho, haja ya malori ilikuwa ndogo.

Vita vya Pili vya Dunia vilibadili hali hiyo kwa haraka. Waitalia waliiteka Moyale mwezi Julai 1940, na majeshi ya Uingereza na ya Afrika Kusini yakaigeuza njia ya Nanyuki, Isiolo na Marsabit kuwa mshipa wa kupitishia askari, maji, mafuta na risasi. Malori yaliyofanya kazi hiyo yalikuwa hasa ya petroli. Vita vilipokwisha, magari ya jeshi yaliyouzwa yaliingia mikononi mwa wafanyabiashara wa Afrika Mashariki, na wengine wakayatumia kupeleka sukari, majani ya chai, nguo na unga katika vituo vya mbali.

Injini ya petroli ilikuwa na udhaifu wake katika nchi ya lagga. Ilikunywa mafuta mengi, nayo ilitegemea cheche za umeme zilizozimwa upesi na maji yakirukia waya na plagi. Dizeli haina cheche. Hewa inayobanwa ndani ya silinda hupata joto linalotosha kuyawasha mafuta yenyewe, kwa hiyo lori la dizeli lingeweza kuvuka maji ya kimo cha kadiri ilimradi hayakuingia kwenye bomba la hewa. Kwa msafara wa siku kadhaa bila kituo cha mafuta, kupungua kwa matumizi ya mafuta kulikuwa na uzito zaidi kuliko mwendo wa kasi.

Dizeli yafika

Rudolf Diesel alipata hataza ya injini yake mwaka 1893, na injini iliyofanya kazi vizuri ilikamilika Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897. Kwa miaka mingi injini hizo zilikuwa kubwa mno kwa magari. Zilifungwa melini na viwandani. Kampuni ya Bosch ilipoanza kutoa kwa wingi pampu ya kupimia dizeli mwaka 1927, injini ndogo ya lori ikawa jambo la kawaida. Pampu hiyo hupima tone la dizeli kwa kila silinda na kulisukuma kwa shinikizo kubwa hadi kwenye nozeli, ambayo hulitawanya kama ukungu ndani ya hewa iliyobanwa.

Nchini Kenya dizeli ilienea katika malori ya wastani baada ya vita. Bedford, chapa ya malori iliyoanzishwa na Vauxhall ya Uingereza mwaka 1931, ilitoa injini yake yenyewe ya dizeli mwaka 1957. Ilikuwa na inchi za ujazo 300, yaani lita 4.9 hivi, baadaye ikafuatwa na ya inchi 330, karibu lita 5.4. Mwaka 1958 lilitoka Bedford TJ, lori lenye pua iliyochomoza mbele, lililokuja kujulikana katika kila soko la Kenya. Mercedes-Benz nayo ilikuwa na injini ya OM352 ya silinda sita na karibu lita 5.7, iliyotoa nguvu za farasi 130. Zote hizo zilivuta hewa bila turbo. Lori la tani 7 la aina hiyo lilibeba kwa safari moja mzigo wa ngamia zaidi ya 40.

Hesabu ya hewa

Kilo moja ya dizeli huhitaji kilo 14.5 za hewa ili iungue yote. Mafuta hayasambai sawasawa kila pembe ya silinda, kwa hiyo kwa vitendo injini huhitaji kilo 18 hadi 20, au zaidi, ili isitoe moshi mweusi. Injini ya lita 5.7 inayozunguka mara 2,800 kwa dakika hujaza silinda zake mara 1,400 katika dakika hiyo, maana kila silinda huvuta hewa mara moja kwa kila mizunguko miwili. Kinadharia hizo ni karibu lita 8,000 za hewa kwa dakika. Pwani ya Mombasa hewa hiyo ina uzito wa kilo 9 na nusu hivi. Kwenye kimo cha mita 2,000 ujazo uleule una uzito wa kilo 8 au pungufu.

Mji wa Isiolo uko kwenye mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Nanyuki iko karibu mita 1,950, na barabara hupita juu zaidi ya hapo kwenye eneo la Timau. Kupanda kote huko hufanyika katika mwendo wa chini ya kilomita 90. Kwenye mita 2,300 hewa imebaki na takriban asilimia 80 ya uzito wake wa pwani, kwa hiyo injini iliyoandikiwa nguvu za farasi 130 hubaki na kama 105. Joto nalo huchukua sehemu yake: hewa ya nyuzi 35, ambayo ni ya kawaida katika mchana wa Kipsing, ni nyepesi kwa asilimia 6 hivi kuliko hewa ya nyuzi 15.

Pampu ya zamani haijui mwinuko. Huipa injini tone lilelile la dizeli pwani na mlimani, hata hewa ikiwa imepungua. Dizeli iliyokosa hewa hugeuka masizi, na ndiyo sababu ya moshi mweusi unaoandama malori mlimani. Moshi huo ni mafuta yaliyolipiwa yasiyofanya kazi yoyote. Waliodhani kuwa moshi mwingi ni dalili ya injini yenye nguvu waliisoma dalili kinyume.

Ng'ombe wa kutembea na ng'ombe wa lori

Mzigo uliolifanya lori kuwa kitu cha lazima katika njia hii ni mifugo. Kenya Meat Commission ilianzishwa mwaka 1950, na kichinjio chake kikawa Athi River. Ng'ombe wa kaskazini walitembezwa kwa majuma kadhaa hadi kwenye viwanja vya kuwekea mifugo Isiolo, ambako baada ya uhuru kitengo cha serikali cha soko la mifugo, LMD, kiliwanunua, kiliwachunguza na kuwapeleka kusini. Sehemu ya mji wa Isiolo huitwa LMD hadi leo. Ng'ombe aliyetembezwa mbali hupungua uzito, na kila kilo iliyopotea njiani ni hasara ya muuzaji.

Vita vya shifta vya 1963 hadi 1967, vya waasi waliotaka kaskazini ijiunge na Somalia, viliifunga kaskazini upya. Hali ya hatari ilitangazwa mwezi Desemba 1963, siku chache baada ya uhuru, na kwa miaka mingi baada ya vita kwisha malori ya njia kuu ya Moyale yaliendelea kusafiri kwa misafara iliyolindwa na polisi. Ndani ya msafara, lori dhaifu lilikuwa mzigo kwa wengine: lililoshindwa kilima au kukwama katika lagga lilichelewesha msafara wote. Nguvu ya injini ikawa pia jambo la usalama.

Kuanzia mwisho wa miaka ya 1980 serikali ilijiondoa polepole katika ununuzi wa mifugo, na kichinjio cha Athi River kikafungwa kwa miaka mingi kabla ya kufunguliwa tena mwaka 2006. Pengo hilo lilizibwa na wafanyabiashara binafsi waliokodi malori na kupeleka ng'ombe, mbuzi na kondoo hadi Nairobi, hasa kwenye machinjio ya Dagoretti. Ng'ombe 20 wa kienyeji, wenye kilo 250 hadi 300 kila mmoja, hufanya mzigo wa tani 5 hadi 6. Lori lililotoka Nairobi na unga, saruji na mabati hurudi na mifugo, na abiria huketi juu ya vyuma vya bodi. Mpangilio huo ulimaanisha kwamba lori lilipanda mlima wa Timau likiwa limejaa mzigo usioweza kungoja: mnyama aliyesimama kutwa nzima ndani ya lori lililokwama hudhoofika, huanguka na kukanyagwa na wenzake.

Injini kubwa badala ya turbo

Katika miaka ya 1970 Kenya ilianza kuunganisha malori yake nchini. Leyland Kenya ilianzishwa Thika mwaka 1974, na General Motors Kenya ikafuata Nairobi mwaka 1975. Mombasa kulikuwa na Associated Vehicle Assemblers. General Motors ilianza na Bedford, kisha Isuzu ya Japani ikachukua nafasi hiyo. Kampuni hiyo ilikuja kuitwa Isuzu East Africa mwaka 2017, baada ya Isuzu kununua hisa za General Motors.

Watengenezaji wa Japani walilitatua suala la hewa kwa njia nyepesi kueleweka: waliongeza ukubwa wa silinda. Injini ya 6HH1 ya Isuzu ina lita 8.2 bila turbo. Ile ya 4HF1, ya malori madogo, ina lita 4.3. Mitsubishi Fuso ilikuwa na 6D16 ya lita 7.5, na Canter ikawa na 4D33 ya lita 4.2. Injini kubwa isiyo na turbo hupata nguvu zake bila kubanwa sana. Shinikizo na joto ndani ya silinda hubaki chini, vipuri vyake ni vichache, na fundi mwenye spana na geji za kawaida anaweza kuifungua chini ya mgunga. Katika njia ambayo karakana ya karibu iko mwendo wa siku nzima, sifa hiyo ilithaminiwa kuliko nguvu za farasi zilizoandikwa kwenye karatasi.

Soko la magari yaliyotumika lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, injini nzima kutoka Japani zilifurika nchini. Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wengi wanaendelea kuiita Grogan, ikawa chimbuko la injini, giaboksi na difu. Mwenye lori lililochoka aliweza sasa kununua injini nyingine badala ya kuifufua ya zamani. Kwa wengi hiyo ndiyo ikawa njia rahisi ya kuongeza nguvu: kung'oa injini ndogo na kufunga kubwa zaidi, iliyotolewa katika lori lililostaafishwa ng'ambo.

Kazi ya fundi

Kabla ya kufika huko, fundi wa jua kali alikuwa na orodha yake ya kazi, na mpangilio wake ulitokana na uzoefu. Kazi ya kwanza ilikuwa kuirudishia injini nguvu iliyopoteza. Injini nyingi zilizolalamikiwa kuwa dhaifu zilikuwa zimezibwa pumzi. Vumbi la kaskazini ni jembamba kama unga, nalo hujaza filta ya hewa upesi. Bedford na Land Rover za zamani zilikuwa na filta ya bakuli la oili, ambamo hewa hupita juu ya oili na kuacha vumbi humo; bakuli lisiposafishwa, oili hugeuka tope. Filta za karatasi zilizofuata huchuja vizuri zaidi, lakini zikipigwapigwa ukutani au kupulizwa kwa upepo wa kompresa hutoboka, na vumbi lililoingia husaga ringi na silinda. Bomba la hewa lililoinuliwa hadi juu ya kabini lilivuta hewa yenye vumbi dogo zaidi na ya baridi kidogo kuliko ile ya ndani ya boneti.

Kilichofuata ni mgandamizo. Ringi zilizolika na vali zisizofunga vizuri huiachia hewa iliyobanwa ivuje, na dizeli ikakosa joto la kuungua vizuri. Dalili zake ni injini kuwaka kwa shida asubuhi na moshi wa buluu au mweupe. Tiba ni kupima tapeti, kusaga vali, na mwishowe kubadilisha slivu, pistoni na ringi. Kisha hufuata nozeli. Nozeli nzima hunyunyiza ukungu, na iliyochoka hudondosha matone yasiyoungua yote. Katika injini nyingi za lori zinazopulizia dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, nozeli hufunguka kwa shinikizo la takriban baa 200, na upimaji wake huhitaji mashine. Ndiyo maana pampu na nozeli zilifunguliwa, zikapelekwa mjini kwa mtaalamu na kurudishwa kwa basi.

Hila iliyopendwa, na iliyoharibu injini nyingi, ilikuwa kuifungua pampu. Skrubu inayoweka kikomo cha dizeli huzungushwa kidogo, na kila silinda hupata mafuta zaidi. Katika nchi tambarare, ikiwa kiwandani pampu iliwekwa chini ya uwezo wa injini, lori huhisi tofauti. Mlimani, ambako hewa ndiyo iliyopungua, dizeli ya ziada huzidisha masizi na joto la ekzosi. Pistoni huyeyuka ukingoni, vali huungua, na masizi huingia katika oili na kuifanya nzito. Kuisogeza mbele taimingi ya pampu kulikuwa na hatari ya namna hiyohiyo: dizeli ikiingia mapema mno, injini hugonga na gasketi ya kichwa hupasuka.

Mafuta yenyewe nayo yalikuwa na hila zake. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo kuliko dizeli, na wachuuzi wakayachanganya. Mafuta ya taa ni mepesi na hayalainishi, ilhali pampu ya dizeli hulainishwa na mafuta yanayopita ndani yake. Pampu iliyolishwa mchanganyiko huo hulika na kupoteza shinikizo, na lori hudhoofika taratibu bila mwenyewe kujua sababu. Mwaka 2018 serikali ya Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuiondoa faida ya uchanganyaji.

Njia salama zaidi haikugusa injini hata kidogo. Ilikuwa kubadilisha gia. Difu yenye meno ya uwiano mkubwa huyapa magurudumu mvuto zaidi kwa injini ileile, na bei yake ni kupungua kwa mwendo barabarani. Baadhi ya Bedford zilikuja na difu ya spidi mbili, ambayo dereva aliichagua kwa swichi: ya chini kwa mlima na mchanga, ya juu kwa tambarare. Magurudumu ya kipenyo kidogo hutoa matokeo ya namna hiyo kwa kiwango kidogo. Katika lagga, dereva na utingo wake, ambaye malori ya Kenya humwita taniboi, walipunguza upepo wa magurudumu ili yatandae juu ya mchanga, wakachimba kwa sepetu na kutandika matawi mbele ya magurudumu. Kupunguza upinzani wa mchanga ni sawa na kuongeza nguvu, na gharama yake ni jasho.

Land Rover, Land Cruiser na somo la turbo

Magari madogo ya njia hii yaliifundisha kaskazini somo la turbo kabla ya malori. Land Rover ilianza kutoa dizeli mwaka 1957, na mwaka 1961 ikaweka injini ya lita 2.25 iliyosifiwa kwa uvumilivu, si kwa kasi. Injini ya lita 2.5 isiyo na turbo iliyokuja mwaka 1984 ilikuwa na nguvu za farasi 68. Mwaka 1986 kiwanda chenyewe kilifunga turbo juu ya injini hiyo na nguvu zikafika 85. Ndani ilibaki karibu ileile, na ikajulikana kwa kupasua pistoni ilipofanyishwa kazi nzito kwa muda mrefu. Kwa toleo la 200Tdi lililofuata mwishoni mwa muongo huo, wahandisi walibadili kichwa cha injini ili dizeli ipuliziwe moja kwa moja ndani ya silinda, wakaongeza kipoza hewa, na nguvu zikafika 107 katika ujazo uleule wa lita 2.5.

Toyota ilichukua mwelekeo mwingine. Mwaka 1990 ilitoa injini mbili za lita 4.2 zinazofanana kwa nje. Ya 1HZ haina turbo na hutoa nguvu za farasi 135 hivi. Ya 1HD-T ina turbo na hutoa 165. Kwa ndani ni injini tofauti. Ya kwanza huwasha dizeli katika chumba kidogo kichwani na hubana hewa zaidi ya mara 22. Ya pili hupulizia moja kwa moja juu ya pistoni na hubana hewa chini ya mara 19, ili kuachia nafasi shinikizo la turbo. Land Cruiser yenye 1HZ ndiyo iliyoenea kaskazini mwa Kenya katika polisi, hospitali, mashirika ya misaada na usafiri wa abiria, kwa sababu huvumilia mafuta duni na hurekebishwa popote. Wenye magari wanaoiongezea turbo hukumbana na mpaka uleule: shinikizo dogo huleta manufaa, hasa mlimani, na likizidi, joto hupasua kichwa au pistoni.

Turbo yenyewe ni wazo la kale. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliandikisha hataza mwaka 1905 ya kutumia moshi unaotoka kuzungusha feni inayosukuma hewa inayoingia. Wazo hilo lilianza kufanikiwa melini miaka ya 1920. Volvo ilipofunga turbo katika lori lake la Titan mwaka 1954, nguvu zilipanda kutoka farasi 150 hadi 185. Faida yake kubwa kwa nchi ya milima ni kwamba hufidia wepesi wa hewa: hewa ya nje ikiwa nyembamba, turbo huzunguka kwa kasi zaidi na kuibana, na injini hupoteza sehemu ndogo tu ya nguvu iliyokuwa nayo pwani.

Gharama zake ni tatu. Turbo huzunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika juu ya utando wa oili, kwa hiyo oili chafu huiua mapema. Injini hupaswa kuachwa ikinguruma dakika chache kabla ya kuzimwa baada ya mlima, ili oili iipoze turbo. Na ikiongezwa kwenye injini isiyoundwa kwa ajili yake, sehemu nyingine zote, yaani pistoni, gasketi, klachi, giaboksi na radieta, hubeba mzigo ambao mtengenezaji hakuupangia. Kwa sababu hiyo, turbo iliyofungwa juu ya injini ya kale bila kubadilisha kitu kingine imekuwa njia ya mkato yenye maisha mafupi. Waliofaulu waliinunua injini iliyozaliwa na turbo, wakaifunga nzima pamoja na radieta na klachi yake.

Lami na sheria

Kwa miongo mingi lami ya kutoka kusini iliishia Isiolo. Mwishoni mwa miaka ya 2000 ilianza kusonga kaskazini, ikapita Merille na Marsabit, na kufikia 2017 ilikuwa imefika Moyale. Malori mapya yenye turbo na pampu za kompyuta yaliweza sasa kupita bila kutikiswa hadi kuharibika. Injini ya 4HK1 ya Isuzu, yenye lita 5.2 na turbo, hutoa nguvu zinazokaribia zile za 6HH1 ya lita 8.2, kwa mafuta machache. Injini hizo huhitaji dizeli safi, na kuanzia Januari 2015 Kenya na jirani zake wa Afrika Mashariki walishusha kikomo cha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni.

Sheria nayo ilibadili hesabu ya mzigo. Lori la ekseli mbili huruhusiwa uzito wa jumla wa tani 18, na mizani za barabara kuu huwatoza faini wanaozidisha. Mfanyabiashara aliyezoea kuirundikia mizigo injini kubwa ya kale alilazimika kupakia kwa kiwango, na kwa mzigo wa kiwango udhaifu mwingi uliokuwa ukilalamikiwa ulitoweka wenyewe.

Malori ya kale yasiyo na turbo yamehamia kazi za masafa mafupi: kuchota mchanga na mawe ya ujenzi, kupeleka maji wakati wa kiangazi, kubeba mifugo kutoka soko la Oldonyiro na vijiji vya jirani hadi Isiolo. Katika kazi hizo mwendo wa kasi hauna thamani kubwa, na mlima wa Timau huachiwa malori mengine. Lori la namna hiyo likiletwa kwa fundi kwa madai kwamba limeishiwa nguvu, kazi huanza palepale ilipoanzia enzi ya Bedford: filta ya hewa hufunguliwa kwanza, kisha tapeti hupimwa, kisha nozeli, na skrubu ya pampu huachwa mahali ilipowekwa na kiwanda.